Imefung…

Mama mkwe wangu, Bi Ummulkheir, huwaambia watu kwamba kazi yangu ni kukodi. Siku moja alinisikia nikimwambia Aqil, mume wangu, "Niache nikodi kidogo," nikimaanisha kuandika maagizo ya kompyuta, naye akaelewa kwamba nakodisha vitu. Kwa hivyo wanawake wa Mbotela, mtaa wetu, waliokuja kunipa pole, wakishamaliza kumlilia Aqil, walikuwa wakiniuliza kama nina viti na mahema, maana wana harusi Desemba. Niliwajibu sina. Sikucheka wala sikukasirika. Tangu Aqil afariki nina ganzi mwili mzima, kama ya mguu uliokaliwa, ila hii haichomi na haiishi.

Niko eda. Kwa watu wa mama mkwe, waliotoka Lamu wakaja Nairobi kabla sijazaliwa, mjane hatoki mlangoni mpaka eda yake imalizike. Havai rangi, hajitii manukato, hapandishi sauti. Nimesikia masheikh wakisema mchana anaweza kutoka akiwa na haja ya maana. Bi Ummulkheir hajawasikia hao. Nami sikuwa na haja ya kwenda popote, basi hatukugombana. Nilikaa chumbani, karibu na dirisha linalotazama ua wa kuanikia nguo. Ng'ambo ya ua ni mlango wa Mama Mukai.

Mama Mukai ndiye aliyemuua mume wangu. Hivyo ndivyo inavyosemwa mtaani, nami naiandika kama inavyosemwa.

Aqil alikuwa na pumu tangu utotoni. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya serikali, hakwenda dukani, kazini kwake, na mimi nilikuwa soko la Gikomba natafuta mapazia. Kifua kikambana, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Mama Mukai alikuwa uani anafua. Alimsikia akikohoa vibaya, akaingia, akamkuta amekaa sakafuni midomo imebadilika rangi. Zahanati ya Daktari Kivuva iko nyuma ya mtaa, huwezi kuiona kutoka kwetu, lakini kwa mguu si mbali. Shida ni kwamba sikukuu Kivuva hufungua akijisikia, asipojisikia analala. Mama Mukai akatoa simu yake, akaangalia ile programu yetu inayoonyesha ni zahanati zipi na maduka yapi ya dawa huku Eastlands yanahudumu saa hiyo. Akaona ya Kivuva imefungwa. Akasimamisha tuktuk, akampakata Aqil mpaka hospitali kubwa, huko mbali, na Jogoo Road ilikuwa imejaa watu wanaokwenda uwanjani. Aqil hakufika akiwa hai.

Matanga hayajaisha, Kivuva akaja kutoa pole. Ni mtu mpole, hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Akavua kofia, akamwambia mama mkwe, "Lakini mbona hamkumleta kwangu? Mimi nilikuwa wazi tangu asubuhi. Hata kwa simu, kwa programu yenu, niliweka kwamba nimefungua."

Chumba kizima kikageuka kumtazama Mama Mukai, aliyekuwa mlangoni na birika la chai mkononi.

"Niliona imefungwa," akasema. "Kwa macho yangu haya."

"Macho yako!" mama mkwe akasema. "Macho yasiyoona hata chuya kwenye mchele! Umempitisha mwanangu kwenye mlango ulio wazi, Mukai. Umempitisha, ukaenda kumuulia barabarani."

Chai yake haikunywewa siku hiyo, na tangu siku hiyo. Akifika kwenye mfereji, waliokuwa wakipiga soga wananyamaza. Alianza kufua alfajiri ili asikutane na mtu. Bi Ummulkheir akapiga marufuku asivuke kizingiti chetu, ingawa ni Mama Mukai aliyempokea mama mkwe alipohamia ua huu na kumwonyesha duka la kuaminika na duka la wezi. Baada ya muda tukasikia anahama, anakwenda kukaa kwa bintiye Makueni. Mpwa wake Mutie angekuja Jumamosi na pikapu kubeba vitu. Ua ukasema afadhali.

Alikuja dirishani kwangu mara moja tu, ua ukiwa mtupu.

"Hikma, mwanangu," akasema, "mimi kanisani ndio nasomeaga watu neno. Sasa nikishika kitabu naogopa. Naona kitu, halafu najiuliza kama kweli ndio kimeandikwa. Nimewaambia watafute mtu mwingine."

Nilimwambia, "Pole, mama." Ndilo neno nililokuwa nalo. Nilimwona akirudi kwake akishika ukuta, na ndani yangu hakuna kilichotikisika. Nilijua kwamba mtu mwingine angelia. Nilijua pia kwamba chakula kina chumvi, kwa sababu wengine walisema kina chumvi.

Sasa niseme kuhusu hiyo programu. Wazo lilikuwa la Aqil, kwa ajili ya pumu yake, kwa kuwa alishachoka kugonga milango isiyo na mtu. Kuitengeneza tuliitengeneza mimi na Imran, mdogo wake. Na mimi na Imran tulikuwa tukigombana kila siku ya Mungu.

Mimi ni mtu wa kuandika kwa mkono. Nikitaka kisanduku kwenye kioo cha simu, naandika maagizo yake moja baada ya jingine: kaa hapa, acha nafasi kidogo pembeni, panuka kadiri ya neno utakalowekewa. Sikioni mpaka nimalize, na mara nyingi nikikiona kimekaa vibaya naanza upya. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa. Imran hana subira hiyo. Ana chombo chake cha kuchorea: katikati kuna picha ya simu, anashika kisanduku kwa kipanya, anakiburuta, anakiachilia pale panapompendeza, na mashine inamwandikia maagizo yote yenyewe.

"Shem, wewe unashona na sindano na cherehani iko hapo," alikuwa akiniambia. "Hii kitu nimemaliza na hata chai yako haijapoa."

"Cherehani yako inashonea sanamu," nilikuwa nikimjibu. "Watu wana matumbo."

Aqil alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Kisha akaamua, maana wazo lilikuwa lake, kwamba kurasa za mbele, zile zinazoonwa na watu, achore Imran, na mimi nibaki na mambo ya ndani. Za Imran zilikuwa nzuri, sitakataa. Zangu zilikuwa kama barua ya serikali. Nilinuna kama wiki hivi, halafu nikaacha.

Jumamosi ile pikapu ya Mutie iliingia uani asubuhi, ikageuzwa kwa kelele nyingi, na Mutie akaanza kupakia. Wakati huohuo Imran alikuja na kompyuta yake. Alikaa sebuleni, mama yake kwenye kochi na tasbihi, mimi kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba. Imran alikuwa amekonda. Tangu msiba alikuwa akifanya kazi kama anafukuzwa, akisema programu hii ni kumbukumbu ya kaka yake, lazima ifike Nairobi nzima.

"Shem, samahani kukusumbua," akasema. "Nataka kuhamisha hata zile page zako zimebaki. Nizichore zote zifanane. Angalia tu, ukisema sawa naendelea."

Akanipa simu yake. Nikaangalia. Zilipendeza, na mimi nilikuwa tayari kusema sawa kwa jambo lolote. Ila mikono ina mazoea yake. Tangu nianze kazi hii, ukinipa ukurasa wowote, kitu cha kwanza nafungua mipangilio ya simu na kukuza herufi mpaka mwisho, kwa sababu nchi hii ina watu wengi wenye macho mabovu na simu za bei rahisi. Nilikuza bila hata kufikiri. Nikarudi kwenye ukurasa wa mbele.

Zahanati ya Kivuva, ukurasa uliandika. Na chini yake, kwenye kisanduku cha kijivu kilichokaa vizuri sana: Imefung…

Nilikitazama kile kisanduku kwa muda mrefu. Imran alikuwa amekichora kwa maneno ya Kiingereza, open na closed, kwa sababu ndiyo yaliyokuja na chombo chake. Kisanduku kikatoshea hayo. Baadaye akaweka Kiswahili, na kwenye simu yake, yenye herufi za mtu mwenye macho ya miaka ishirini na kitu, nacho kikaenea. Lakini kisanduku chenyewe hakikuambiwa kipanuke. Kikipewa herufi kubwa, kinakata.

Na Waingereza wana bahati. Mlango wao ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, maneno yao hayafanani hata herufi ya kwanza. Sisi tunakwenda na neno lilelile mpaka karibu na mwisho, ndipo tunageuza. Imefungwa. Imefunguliwa. Likate hapo kwenye g, na hakuna awezaye kusema mlango uko vipi. Mtu atamalizia mwenyewe, na kama ni sikukuu, na kama kuna mtu anakufa mbele yake, atamalizia kwa lile fupi.

Herufi za simu ya Mama Mukai zilikuwa kubwa. Aqil ndiye aliyemkuzia.

Nilingoja hasira ije. Nilidhani itakuja, maana nilikuwa na haki nayo. Haikuja. Niliona tu jambo lilivyo, kwa uwazi wa kuchukiza, na nje nilimsikia Mutie akiburuta kitanda.

"Mama," nikamwita mama mkwe. "Hebu nisaidie kusoma hapa. Kivuva leo anahudumu?"

Alipokea simu, akaisogeza mbali na uso. "Imefungwa," akasema.

"Una hakika?"

"Si umeniuliza nisome? Nimesoma. Imefungwa." Kisha akakunja uso. "Lakini si kweli. Mimi nimetoka huko sasa hivi kuchukua vidonge vyangu vya presha. Kuko wazi na foleni imefika nje."

"Soma tena, mama. Soma herufi zilizopo tu."

Akasoma kwa kidole, polepole, kama mtoto wa chuo cha Kurani. "I-me-fung." Akabonyeza pale kwenye vinukta kana kwamba neno limejificha nyuma yake. "Iko wapi nyingine?"

Imran alikuwa ameshanyanyuka. Alichukua simu mikononi mwa mama yake, akaitazama, akazipunguza herufi, akazikuza tena. Aliyafanya hayo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilimwona akielewa. Nilimpenda kama ndugu yangu, na nilikuwa na ganzi, na nilimtazama akielewa.

"Basi Mukai aliona hivi," mama mkwe akasema. "Yarabi. Maskini, aliona hivi hivi." Machozi yakamtoka. "Na nani mjinga huyu aliyeandika neno nusu? Nani? Nataka nimjue."

Imran akasema, "Ni mimi, mama."

Nje Mutie alikuwa akimuuliza mtu kamba iko wapi. Bi Ummulkheir alimtazama mwanawe tangu kichwani mpaka miguuni, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Zima hiyo kompyuta," akasema.

"Mama, shosho Mukai yuko hapo nje anahama, lazima tum—"

"Nimesema zima. Aqil nimeshamzika. Niliyebaki naye ni wewe. Unataka ua huu uanze kukutazama wewe? Unataka nipite kwenye mfereji wanyamaze?" Alikuwa akinong'ona. "Mukai ana bintiye. Ana shamba la kukaa. Atafika huko apumzike, na watu watasahau. Neno utalirekebisha polepole, na hapana atakayejua."

Imran alibaki amesimama. Ni mtoto mwema, na hilo ndilo tatizo, hajawahi kumvunja mama yake neno.

"Na wewe, Hikma," akanigeukia, "uko eda. Hupandishi sauti."

Ni kweli sipandishi. Nilikaa kwenye mkeka wangu nikasikia turubai ikikunjuliwa juu ya vitu. Nilimfikiria Mama Mukai akiwa Makueni, ameshika kitabu asichokiamini, mpaka kufa kwake. Sikuhisi huruma, nisiseme uongo. Nilihisi kitu cha kikazi zaidi: neno limekatwa, mtu amelaumiwa kwa nusu isiyokuwepo, na anayeijua ile nusu ni mimi. Kosa la aina hiyo ukiliona huliachi, hata ukiwa umechoka, hata likiwa si lako. Nikainuka, nikavaa buibui.

"Unakwenda wapi?" mama mkwe akauliza. "Hikma! Utatoka na eda?"

"Nina haja, mama," nikasema.

Jua la uani liliniumiza macho. Wanawake waliokuwa wakianika nguo walishusha mikono. Mjane katoka. Pikapu ilikuwa inanguruma tayari, Mutie amekaa kwenye usukani, na Mama Mukai alikuwa ameketi mlangoni pake juu ya godoro la mwisho ambalo halijapakiwa, viatu vya kanisani miguuni. Aliponiona alitaka kusimama.

"Kaa, mama," nikamwambia. Nikachutama mbele yake, nikasema kwa sauti ya chini, "Hukukosea. Kivuva alikuwa wazi, lakini kwenye simu yako neno lilikuwa limekatwa. Limeandikwa Imefung, basi. Limetengenezwa vibaya. Mama mkwe mwenyewe amesoma sasa hivi, naye kasema imefungwa."

Akanitazama sana. "Nilisoma kilichoandikwa?"

"Ulisoma kilichoandikwa."

"Macho yangu ni mazima?"

"Ni mazima, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akasema, "Sema na nguvu. Hawa walinisema na nguvu."

Nilisimama. Nilikuwa sijatoa sauti ya maana tangu siku niliyorudi kutoka Gikomba na mapazia. Nikageukia zile kamba za nguo na nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, ikagonga ukuta wa ng'ambo. Nikasema Mama Mukai alisoma sawasawa. Nikasema programu yetu ndiyo iliyokata neno, na angelisoma yeyote kati yenu angelikwenda na tuktuk vilevile. Nikasema asilaumiwe tena, wala leo wala kesho.

"Nani alilikata?" mmoja akauliza kutoka nyuma ya shuka.

Sikuwa nimeamua nitajibu nini. Imran akajibu kutoka mlangoni kwetu. "Ni mimi," akasema. "Shosho, ni mimi nilichora. Sikuangalia na herufi kubwa." Nyuma yake dirishani nilimwona Bi Ummulkheir ameshika pazia kwa mikono miwili.

Mama Mukai alimtazama Imran. Sijui kama alimsamehe, hakusema. Mutie akatoa kichwa nje ya pikapu. "Auntie, tunaenda ama hatuendi? Mafuta inaisha."

Mama Mukai alinigeukia mimi, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na baridi ya sabuni.

"Kila mtu ameulizwa juu yangu," akasema. "Ummulkheir ameulizwa, daktari ameulizwa. Wewe hakuna mtu amekuuliza. Huyo alikuwa bwana yako. Wewe unasemaje?"

Nilifungua mdomo niseme namshukuru Mungu kwa kila hali, kama nilivyokuwa nikiwajibu wote. Haikutoka.

"Namtaka Aqil, mama," nikasema. "Namtaka tu arudi." Na hapo nikaketi chini, nikalia mbele ya ua mzima kwa sauti ambayo mjane wa kwetu hatakiwi kuwa nayo.

Mama Mukai akasogea kwenye godoro akaniachia nafasi. "Mutie," akasema juu ya kichwa changu, "zima gari."